Wajerumani Niliowasoma kwa Kiingereza

Hapa kwetu Ukinga Mjerumani alitangulia kufika kabla ya Mwingereza. Jambo hili watoto wa shule wanalijua, maana limo katika masomo yao ya historia, lakini ni wachache wanaokaa chini wakalitafakari. Wamisionari wa Berlin waliipanda milima hii katika miaka ya 1890, wakajenga Bulongwa na Tandala, na wazee wetu wa Ipelele wakaanza kusikia lugha ambayo hawakupata kuisikia tangu dunia iumbwe. Kiingereza wakati huo kilikuwa bado hakijulikani huku. Neno shule, tunalolitumia kila siku, tulilipokea kutoka mkononi mwa Mjerumani mwenyewe. Neno hela ni hivyo hivyo: ni heller, sarafu ndogo waliyoileta mwaka 1904, ambayo 100 zake zilifanya rupia 1. Mtu anayesema sokoni Makambako kwamba hana hela anazungumza Kijerumani bila habari.

Hata hivyo mimi niliyezaliwa katika nchi hii iliyofundishwa kusoma na Wajerumani, nimewasoma Wajerumani wote kwa Kiingereza. Nimemsoma Luther, Goethe, Marx, Weber, Remarque, na kwa shida kidogo Freud. Hegel nilimjaribu nikamwacha njiani. Babu yangu mzaa baba aliweza kuhesabu kwa Kijerumani hadi ishirini na kuimba beti mbili tatu za Krismasi. Baba yangu hakuweza. Mimi nikafundishwa Kiingereza, nami nikakifundisha kwa miaka 34, mingi kati ya hiyo nikiwa Njombe. Katika vizazi vitatu lugha ile ilikauka kabisa nyumbani kwetu, lakini mawazo ya Wajerumani hayakuacha kuja. Yaliendelea kuja yakiwa yamevaa koti la Mwingereza. Nataka kuzungumza na msomaji habari za koti hilo, maana nimelivaa muda mrefu hata nikadhani ni ngozi.

Sababu ya kukauka kwa lugha ile ni vita. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalipanda kutoka kusini, yakaichukua Tukuyu, wakati ule ikiitwa Neu Langenburg, kisha Njombe, kisha Iringa. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakaja kuangalia makanisa yaliyobaki bila wachungaji. Katika miaka ya 1920 Wajerumani wakarudi. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 wakakamatwa tena, na safari hii Walutheri wa Sweden na wa Marekani ndio walioshika kazi. Kila Mjerumani alipoondolewa aliondoka na lugha yake, na taarifa alizokuwa ameziandika juu yetu zilikuwa zimekwisha kutumwa Berlin. Matokeo yake ni kwamba nilipotaka kujua babu zangu waliishije na wageni wao, kitabu kilichonisaidia kuliko vingine vyote kilikuwa cha Marcia Wright, Mmarekani aliyezisoma karatasi za wamisionari wa nyanda zetu na kutoa kitabu chake Oxford mwaka 1971. Ni kitabu kizuri sana. Lakini fikiria safari yenyewe: mzee wa Kikinga alisema neno kwa Kikinga, mmisionari akaliandika kwa Kijerumani, mwanamke wa Kimarekani akalileta kwa Kiingereza, na mjukuu wa yule mzee akalisoma akiwa amekaa chini ya mti wa pichi hapa Ipelele, akijieleza mwenyewe maana yake kwa Kiswahili.

Waingereza nao hawakuanza jana kuwatafsiri Wajerumani. William Tyndale alipochapisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526, alilichapishia Worms, mji wa Ujerumani, na tafsiri ya Luther ya mwaka 1522 ilikuwa mojawapo ya vitabu alivyovitegemea. Muda si mrefu Miles Coverdale akazigeuza nyimbo za Luther zikawa za Kiingereza, na kitabu chake kikapigwa marufuku. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo hadithi ya Faust, yule msomi aliyemuuzia shetani roho yake, ikavuka bahari kwa tafsiri, na Christopher Marlowe akaitungia mchezo kabla Goethe hajazaliwa. Kisha kuna John Wesley, baba wa Wamethodisti. Mwaka 1735, akiwa melini kwenda Amerika, alikutana na Wamoravian wa Kijerumani. Dhoruba ilipopiga, wao waliimba, naye alitetemeka. Akajifunza Kijerumani apate kuongea nao, akazitafsiri nyimbo zao. Wamoravian wa kanisa lile lile ndio waliofika Rungwe mwaka 1891, upande wa pili wa milima yetu. Kwa hiyo majirani zetu wa Unyakyusa na Waingereza wa Wesley walifundishwa kuimba na watu wa nyumba moja.

Baadaye Kijerumani kilikuwa kama homa kwa wasomi wa Uingereza. Coleridge alitafsiri tamthilia ya Schiller juu ya Wallenstein mwaka 1800. Carlyle, Mskoti mwenye hasira, alitafsiri riwaya ya Goethe juu ya Wilhelm Meister mwaka 1824. Halafu wakaja wanawake wawili ninaowaheshimu kuliko hao wote. Wa kwanza ni Marian Evans, aliyejulikana baadaye kwa jina la George Eliot. Kabla ya kuandika riwaya zake alitafsiri kitabu cha Strauss juu ya maisha ya Yesu mwaka 1846, na kitabu cha Feuerbach mwaka 1854. Vitabu hivyo viwili viliitikisa imani ya watu wengi waliosoma Kiingereza, na aliyeufungua mlango huo alikuwa binti wa msimamizi wa mashamba. Wa pili ni Helen Macfarlane. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kuileta kwa Kiingereza ile Ilani ya Marx na Engels ya mwaka 1848, akaichapisha mwaka 1850 katika gazeti la wafanyakazi.

Msomaji huenda akajua kwamba Ilani ile inaanza kwa kutaja kitu cha kutisha kinachozunguka Ulaya. Macfarlane alikiita kwa neno ambalo watoto wa Kiingereza hutishiwa nalo, sawa na sisi tunavyosema zimwi. Samuel Moore, aliyeitafsiri upya mwaka 1888 Engels akimsaidia, alichagua neno la heshima zaidi, karibu na kivuli cha marehemu. Tangu hapo zimwi la Macfarlane limechekwa na wasomi. Mimi silicheki. Mzimu wa marehemu una haki ya kudai kitu, zimwi halina. Basi aliyesoma tafsiri moja na aliyesoma nyingine wameanza safari kwa miguu tofauti. Katika miaka ya 1970, wakati Walter Rodney alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na siasa yetu ilikuwa Ujamaa, vijana wetu wengi waliusoma ukurasa huo katika vitabu vya bei nafuu vilivyochapwa Moscow kwa Kiingereza. Waliubishania usiku kucha. Waliobishana juu ya Kijerumani chake sikukutana nao.

Neno lililonisumbua kuliko yote ni Geist. Hegel alitoa kitabu chake kikuu mwaka 1807, na neno hilo limo katika jina lake. Baillie alipokitafsiri mwaka 1910 aliandika neno la Kiingereza lenye maana ya akili. Miller alipokitafsiri upya, kitabu kikatoka mwaka 1977, yeye akaandika neno lenye maana ya roho. Mswahili atakayefuata tafsiri ya kwanza atawafundisha wanafunzi wake habari za Akili, na atakayefuata ya pili atawafundisha habari za Roho, kisha wakutane katika semina na kila mmoja amwone mwenzake hakusoma. Mjerumani hana tabu hiyo. Kwake Geist ni akili na roho pamoja, na ndilo neno hilo hilo analolikiri kanisani anapomtaja Roho Mtakatifu. Mwingereza alilazimika kuchagua, nasi tunarithi uchaguzi wake kama mtu anayerithi deni asilolikopa.

Kwa Freud mambo ni mabaya zaidi. Yeye alitumia maneno ya jikoni. Sehemu moja ya nafsi aliiita Ich, yaani Mimi, neno ambalo mtoto wa Kijerumani hulitamka akiomba mkate. Nyingine aliiita Es, kama sisi tungesema Hicho. Watafsiri wa Kiingereza, wakitaka ionekane ni sayansi ya madaktari, walikwenda kuchukua maneno ya Kilatini, ego na id. Wanafunzi wa ualimu huku kwetu huyakariri maneno hayo kama majina ya dawa za mifugo. Nimeyakariri mimi pia. Laiti mtu mmoja angetuandikia kwamba ndani ya kila mtu kuna Mimi na kuna Hicho, na kwamba Mimi humwogopa Hicho, bibi yangu asiyejua kusoma angetikisa kichwa na kusema ndivyo.

Sitaki msomaji adhani nawalaumu watafsiri. Bila wao ningekuwa gizani. Riwaya ya Remarque juu ya vita ya kwanza ilitoka Ujerumani mwaka 1929, na mwaka huo huo Mwaustralia A. W. Wheen, askari wa zamani wa upande wa pili, akawa ameshaitafsiri. Jina la Kijerumani linasema tu kwamba huko Magharibi hakuna jipya, kama taarifa ya jeshi inavyoandikwa siku ambayo amekufa mtu mmoja tu. Wheen aliandika kwamba huko Magharibi kote ni kimya. Si kitu kile kile. Kimya chaweza kuwa faraja. Hakuna jipya ni tusi kwa aliyekufa. Niliposoma kitabu hicho niliwafikiria wapagazi wa Ukinga na Ubena waliobebeshwa mizigo ya majeshi yote mawili, ambao hata taarifa ya hakuna jipya hawakuandikiwa. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliwaandikia watu wa vita hiyo riwaya mwaka 2020. Ndani yake yumo askari kijana wa Kiafrika anayefundishwa Kijerumani na ofisa wake ili apate kumsoma Schiller. Riwaya yenyewe, bila shaka, ni ya Kiingereza.

Sasa nifike kwa Weber, ambaye ndiye aliyenifanya niandike.

Mwaka 2009 nilikinunua kitabu chake Makambako, karibu na stendi, kwa kijana aliyekuwa ametandaza vitabu vya mitumba juu ya turubali pamoja na viatu. Kilikuwa na muhuri wa maktaba ya ng'ambo, na bei yake ilikuwa shilingi 500. Ni ile insha yake juu ya maadili ya Kiprotestanti na moyo wa ubepari, aliyoitoa kwa Kijerumani mwaka 1904 na 1905, ikaja kutafsiriwa na Mmarekani Talcott Parsons mwaka 1930. Nilikisomea ndani ya basi la kwenda Njombe, nikashangaa, maana nilidhani mtu ameandika habari za Wakinga.

Asiyetujua aambiwe. Wakinga ni watu wa nchi ya baridi na miteremko, ambako umande huganda na kuunguza viazi. Zamani walijulikana kwa kufua chuma. Shamba lilipokuwa halitoshi waliondoka: wakaenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakaenda kwenye chai ya Mufindi, kisha wakaingia kwenye biashara. Leo ukishuka Makambako, mahali ambapo reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, uliza maduka ya jumla ni ya nani. Uliza hivyo hivyo Mbeya na Kariakoo. Na kwa kuwa binadamu haoni mwenzake akifanikiwa akanyamaza, yamesemwa mengi juu ya utajiri wa Wakinga, na mengi ya hayo ni ya uchawi. Nimeyasikia tangu ujana, ndani ya mabasi, katika harusi, hata katika ofisi ya walimu. Mtu akifunga duka saa nne za usiku na kulifungua saa kumi na mbili asubuhi, haisemwi kwamba hakulala. Inasemwa kwamba ana kitu.

Weber alikuwa akiuliza swali lile lile, kwa nini watu wa aina fulani hufanya kazi kuliko wanavyohitaji na kuweka akiba kuliko wanavyokula, lakini jibu lake halikuwa uchawi. Alisema tulitazame neno moja, nalo ni Beruf. Kwa Kijerumani Beruf ni kazi ya mtu ya kila siku, ukiulizwa na karani unalitaja. Papo hapo ni wito, kuitwa na Mungu. Weber anaonyesha kwamba maana hizo mbili zilifungwa pamoja na Luther katika kuitafsiri Biblia, hasa alipofika kwenye kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 11. (Kitabu hicho Walutheri wetu hawanacho katika Biblia zao za kila siku, ukitaka kukisoma azima Biblia ya jirani yako Mkatoliki.) Tangu hapo fundi viatu naye akawa ameitwa na Mungu, kama padri.

Kiingereza kina neno moja la kuitwa ambalo laweza kubeba mizigo yote miwili kwa taabu, na Parsons akalitumia. Kiswahili tunayo mawili yaliyotengana kama nyumba za wake wenza. Tunayo kazi, na tunao wito. Ualimu ni wito, uuguzi ni wito, uchungaji ni wito. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa kila Mei Mosi, hasa katika miaka ambayo mshahara haukutosha. Kuuza sabuni si wito, ni kazi, na mara nyingine huitwa hata ulanguzi. Sijapata kumsikia mhubiri akimwambia mwenye duka kwamba ameitwa. Humwambia atoe. Hapo ndipo ninaposema tafsiri si mchezo wa wasomi: wamisionari waliokuja na Katekisimu Ndogo ya Luther walikuja na neno lililounganisha dhabihu na duka, na lilipoingia katika lugha yetu likapasuka vipande viwili, kipande kimoja kikaenda kanisani na kingine sokoni.

Wakati huo nilikuwa tayari kuandika kwamba Wakinga ni Wajerumani wa Weber waliozaliwa Makete. Lakini Weber mwenyewe hakubali. Nilipofika katikati ya kitabu nilikuta anasema kwamba Luther aliishia kumwambia kila mtu abaki mahali Mungu alipomweka, na kwamba waliokuja kuwa wafanyabiashara wasiolala ni wafuasi wa Calvin na madhehebu ya aina hiyo, siyo Walutheri. Wakinga ni Walutheri, na mahali Mungu alipowaweka hawakubaki. Nafikiri sababu kubwa ni baridi na ufinyu wa ardhi, pamoja na desturi ya vijana kusafiri mbali na kurudi na kitu mkononi. Hata hivyo swali la Weber lilinifaa kuliko jibu lake, maana kwa mara ya kwanza niliona mtu amekaa na kulichunguza jambo hilo kwa vitabu vya hesabu na vya dini, bila kumtafuta mchawi.

Katika kurasa za mwisho Weber anasema kwamba kile kilichokuwa joho jepesi mabegani mwa watakatifu kimegeuka kitu kigumu. Parsons alikiita kizimba cha chuma, na dunia nzima sasa inasema Weber alisema kizimba. Watafsiri wa karibuni, katika mwaka 2002, wamesahihisha: neno la Kijerumani liko karibu zaidi na ganda, gumba gumu kama la konokono, lakini la chuma cha pua. Nilisimama hapo siku nzima. Kizimba unaingizwa na mtu mwingine, na mlango ukifunguliwa unatoka ukiwa yule yule. Ganda unaota nalo. Ukitolewa humo unakufa. Nina ndugu zangu Makambako ambao wana nyumba nzuri na hawajapata kulala ndani yake mchana hata siku moja, na nikiwatazama naona ganda, sioni kizimba.

Mawazo mengine ya Kijerumani yalitufikia bila kupita Uingereza, na haya hatuyatambui kwa sababu hayana jina la mtunzi. Herder alifundisha katika karne ya 18 kwamba kila taifa lina nafsi yake na nafsi hiyo imo katika lugha yake. Wamisionari wengi wa Kijerumani walikuja na fundisho hilo mfukoni. Bruno Gutmann aliwachunguza Wachaga hivyo, akatoa mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria zao. Karl Roehl aliitafsiri Biblia kwa Kiswahili, ikachapwa Stuttgart mwaka 1937, naye alijitahidi kuyaondoa maneno mengi ya Kiarabu, akiamini kwamba chini yake kuna Kiswahili safi cha Kibantu. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ndiyo iliyokaa makanisani. Lakini mtu akikuambia leo kwamba neno fulani si Kiswahili halisi, huenda anamnukuu Herder pasipo kujua.

Katika kundi hilo la vitabu vilivyonyooka moja kwa moja kimo kimoja kinachotuhusu sisi wa huku peke yetu. Mwaka 1905, mwaka ule ule wa Weber, na mwaka ule ule ambao wapiganaji wa Maji Maji walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi karibu na Njombe, kilichapwa Berlin kitabu cha sarufi ya Kikinga. Mwandishi ni mmisionari R. Wolff. Ndani yake, pamoja na kanuni za lugha, kuna masimulizi ya Kikinga na orodha ya maneno. Mjukuu wangu alinipatia nakala yake kwenye kompyuta, tukazitoa kurasa kadhaa kwa printa ya stationery moja pale mjini Makete.

Hali yangu mbele ya kurasa hizo ni ya ajabu. Kila mstari una Kikinga na una Kijerumani. Nusu ya Kikinga naisoma, ijapokuwa tahajia yake ni ngumu na maneno mengine yamekufa. Nusu ya Kijerumani imefungwa. Profesa wa Berlin akikishika kitabu hicho hicho atafunguliwa pale nilipofungiwa, na kufungiwa pale nilipofunguliwa.

Nilizipeleka kurasa hizo kwa shangazi yangu, mdogo wa mwisho wa baba, ambaye amevuka miaka 85 na masikio yake ni mazima. Nikamsomea. Maneno mengine aliyapokea mara moja. Mengine alinyamaza, kisha akasema, "Hilo bibi yangu alikuwa akilisema. Sikulisikia tena." Tulipokwama niliomba simu ya mjukuu itusaidie. Simu inakigeuza Kijerumani kuwa Kiingereza, nami nakigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Tukapeleka neno Hacke. Simu ikajibu kisigino. Nikamwambia shangazi kwamba huyo mmisionari anasema ni kisigino.

Shangazi alicheka hata akafuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Mwanangu," akasema, "ni jembe hilo. Au siku hizo tulilima kwa visigino?"

Nilikwenda kutazama kamusi. Hacke kwa Kijerumani ni jembe, na pia ni kisigino. Mwenye lugha hachanganyi, kwa sababu anajua kama yuko shambani au yuko kwa fundi viatu. Simu haikujua iko wapi.

Mjukuu huyo ninayemtaja ni muuguzi. Siku hizi anajifunza Kijerumani Dar es Salaam, kwa kuwa hospitali za Ujerumani zinatafuta wauguzi na mshahara wa huko si wa kulinganisha. Anajifunza maneno ya sindano, ya vidonda, ya wazee wasioweza kugeuka kitandani. Hajapata kusikia habari za Herder wala Weber. Alipokuja likizo ya Desemba nilimwekea kurasa za Wolff mezani, akavuta taa karibu, akaanza kusoma maelezo polepole, akirudi nyuma, akitafuta kitenzi mwishoni mwa sentensi ambako Wajerumani hukificha. Kisha akayasema kwa Kikinga, siyo kwa Kiswahili, wala Kiingereza hakikupita hapo. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Baada ya ukurasa mmoja akauliza, "Huyo Mzungu, maneno yetu haya alifundishwa na nani?"

Mjukuu akasema jibu, kama limo, litakuwa katika kurasa za mbele, ambazo zote ni za Kijerumani. Akageuza kurasa, akarudi mwanzo.